Mshauri Anapofungua Kifua Chake

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Je, mshauri wa nafsi amweleze mgonjwa adhabu aliyoionja mwenyewe, au aisitiri? Mwaka 1912 Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, alifundisha kwamba tabibu awe mfano wa kioo: aonyeshe anacholetewa, yake asiyadhihirishe.

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, fundisho hilo lilitiwa mizanini na Ukimwi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 uliwaonyesha wachumaji wa Kericho waliougua, katika mwaka na nusu kabla ya kuacha kazi au kufariki, wakichuma kilo 4 hadi 8 pungufu kila siku. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Kikapu kikipungua, na sufuria hupungua. Tena nyumba za mashambani zimesongamana, siri haina pa kulala. Mja mzito akiogopa kupimwa, ana sababu.

Hofu hiyo ina gharama. Pasipo kinga, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 huambukizwa na mama zao. Dawa zikitumiwa sawasawa, hawafiki 5. Daktari huyaeleza hayo vizuri, lakini hawezi kusema kwamba naye aliipita njia hiyo. Ndipo Kenya ilipoupokea utaratibu wa akina mama washauri, ulioanzia Cape Town mwaka 2001. Mama mwenye virusi, aliyekwisha kujifungua na kulea, huketi kliniki na mwenziwe, akamsimulia alivyomeza dawa, alivyomweleza mumewe, alivyonyonyesha. Anayesikiliza humwona yu hai mbele yake, na huo ni ushahidi usiopatikana katika karatasi.

Hata hivyo, kujieleza kuna adabu. Maneno yawe machache, yamfae mgonjwa, kisha mazungumzo yamrudie yeye. Mshauri ambaye kidonda chake kingali kibichi humtwika mwenziwe mzigo wa pili. Aliyekuja kuliwazwa akageuka mliwazaji. Na lililosemwa baina yao ni amana, halitoki mlangoni.

Dada msomaji, nyumbani kwetu shangazi, somo na shoga ndio washauri wa kwanza. Mwenzio akikujia na machozi, kabla hujamhadithia yaliyokufika wewe, jiulize: kisa hiki chamtua mzigo yeye, au chanitua mimi? Ikiwa ni wewe utuaye, nyamaza kwanza, umsikilize.