Baraka 14, Laana 54: Kusoma Torati Chini ya Agano Jipya

Sura ya 28 ya Kumbukumbu la Torati ina mistari 68. Mistari 14 ya kwanza ni baraka: mvua kwa majira yake, ghala zilizojaa, mifugo inayozaa, adui wanaotawanyika kwa njia saba. Mistari 54 inayobaki ni laana, na inaishia kwa watu kujiuza utumwani Misri wasipate hata mnunuzi. Wengi wasomao Biblia kila siku huikariri sehemu ya kwanza kama ahadi waliyopewa wao binafsi, kisha ile ya pili huipitia mbiombio. Lakini sura yote ni masharti ya agano moja, na waliofungwa nalo ni taifa la Israeli, likiwa bado halijavuka Yordani. Anayezidai baraka kwa masharti hayo amejifunga na laana zake pia. Ndivyo Paulo anavyowaonya Wagalatia katika sura ya 3. Kwa hiyo kabla ya kuuliza andiko linaniambia nini leo, yafaa kuuliza kwanza lilinenwa chini ya agano lipi.

Swali hilo lina uzito kwa sababu ndani ya vitabu 39 vya kwanza vya Biblia mna maagano kadhaa. La Nuhu liliwahusu viumbe wote wenye uhai. La Ibrahimu lilisimama juu ya ahadi. La Daudi lilihusu kiti cha enzi. La Sinai lilikuja na sheria na masharti yake. Paulo anasema sheria hiyo, iliyokuja miaka 430 baada ya ahadi, haikuitangua ahadi. Agano ambalo Waebrania 8 inaliita kuukuu ni hili la Sinai, wala si vitabu vyote 39. Tena habari ya agano jipya imo ndani ya vitabu hivyohivyo, katika Yeremia 31. Nabii huyo alihudumu hadi Yerusalemu ilipoanguka mikononi mwa Babeli mwaka 586 KK, wakati taifa lilipokuwa likivuna laana lilizoonywa na Musa. Hakutangaza kwamba sheria itatupwa. Alisema itaandikwa mioyoni, na dhambi hazitakumbukwa tena.

Tuupime msimamo huu kwa Malaki 3, andiko linalosikika sana wakati wa matoleo. Wanaoambiwa humo kwamba wamelaaniwa kwa kumwibia Mungu zaka ni taifa lililokuwa na hekalu, ghala na Walawi wasio na urithi wa ardhi. Mkristo anayeambiwa kwamba biashara yake imelaaniwa kwa kuwa hakutoa fungu la kumi anarudishwa chini ya laana ambayo, kwa Wagalatia 3:13, Kristo amekwisha kumkomboa kutoka kwayo. Wapo watakaojibu kwamba Ibrahimu alitoa fungu la kumi kabla ya Musa. Ni kweli, lakini alilitoa katika nyara za vita, na Waebrania 7 inalitaja ili kuonyesha ukuu wa Melkizedeki, kuhani aliyelipokea, si kuweka kiwango cha sadaka. Paulo anapowahimiza Wakorintho kutoa, anamwachia kila mmoja aamue moyoni, bila huzuni wala kulazimishwa. Anayetoa fungu la kumi kwa moyo huo hakosei; anayekosea ni yule anayemtisha maskini kwa laana.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: ikiwa agano la Sinai limechakaa, kwa nini tuendelee kusoma Torati? Marcion, mwalimu wa karne ya pili, alilifikisha wazo hilo mwisho wake. Alivikataa vitabu vya Israeli vyote, akabaki na Injili ya Luka aliyoipunguza na nyaraka kumi za Paulo. Kanisa la Roma likamtenga karibu mwaka 144. Bila vitabu hivyo hata kikombe cha Karamu ya Mwisho hakieleweki, kwa kuwa damu ya agano inairejea damu aliyoinyunyiza Musa katika Kutoka 24. Wengine husema ahadi zote za Mungu ni ndiyo katika Kristo. Naam, lakini neno “katika Kristo” ndilo linalobeba hoja: ahadi inatufikia kupitia kwake aliyeyatimiza masharti, wala haipatikani kwa kuuchomoa mstari mmoja katika mkataba wa watu wengine.

Msimamo huu unagusa hata mpangilio wa usomaji. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, na 929 kati yake zimo katika sehemu ya kwanza. Anayeanza Mwanzo Januari na kwenda moja kwa moja kwa mwendo wa mwaka mmoja atafika Mathayo katikati ya Oktoba, akiwa ameisoma Sinai kwa miezi mingi bila Kalvari. Ratiba aliyoitunga mchungaji Robert Murray M'Cheyne wa Dundee, Uskoti, mwaka 1842 inaanza siku ya kwanza na Mwanzo, Ezra, Mathayo na Matendo pamoja. Kwa mpango wa namna hiyo, hata ukiwa na sura mbili tu kwa siku, moja ya kila upande, Kumbukumbu la Torati haikai mbali na Wagalatia. Hapo ile mistari 54 ya laana nayo husomeka bila kurukwa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha Kristo alibeba nini.