Nkambo kapiteni wa bato: si kila mzungu wa mto alikuwa Mubeleji

Familia yenye nkambo mzungu wa zamani huwa na habari fupi tu. Alikuwa kapiteni wa bato, ao mekanisiani. Alikaa na bibi miaka kadhaa, mtoto akazaliwa, kisha akaenda kwao na hakurudi. Jina lake limebaki nusu, ao limebaki lile la utani tu ambalo watu wa kijiji walimpa. Na mwishoni mwa habari kuna neno ambalo hakuna anayelibishia: «alikuwa Mubeleji».

Njo hapo kazi ya kutafuta inapotea. Mjukuu anaandika Ubelgiji, anangoja miezi, anajibiwa kwamba mtu wa jina hilo hakuzaliwa kule. Anaacha, ao anaanza kufikiri wazee walisema uongo. Kumbe wazee walisema kweli juu ya mtu, lakini inchi njo haikuwa ile.

Sababu yake ni rahisi. Ubelgiji ina pwani ndogo, haifiki hata kilometa 70, na jeshi lake la majini lilivunjwa 1862. Leopold wa Pili alipoanzisha Dola Huru ya Kongo 1885, alihitaji watu wa kuendesha mabato juu ya mto mkubwa, na kwake mabaharia hawakutosha. Denmark, Norwe na Uswidi zilikuwa na mabaharia wengi waliotafuta kazi. Walikuja wakiwa makapiteni, mamekanisiani, pia maofisa wa jeshi la Force Publique. Kwa mwanakijiji aliyesimama kando ya maji, mzungu aliyeshuka katika bato la Bula Matari alikuwa mtu wa serikali ya Wabeleji, basi naye ni Mubeleji. Nani angemwomba karatasi?

Mfano mzuri zaidi ni wa 1890. Bato moja la mto liliitwa Roi des Belges, maana yake Mfalme wa Wabeleji. Kapiteni wake, Ludvig Koch, alikuwa mtu wa Denmark. Aliyemsaidia, na aliyeshika usukani kwa muda Koch alipougua kule Stanley Falls, Kisangani ya leo, alikuwa Mpolandi mwenye karatasi za ubaharia za Uingereza: Joseph Conrad, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mwenye sifa dunia nzima. Conrad mwenyewe alipata kazi ile kwa sababu kapiteni mwingine, Freiesleben, naye wa Denmark, alikuwa ameuawa katika ugomvi na wanakijiji mwanzoni mwa mwaka ule. Bato lina jina la mfalme wa Ubelgiji, na juu ya usukani hakuna Mubeleji hata mmoja.

Upande wa mashariki wengi wamesikia jina la Olsen, aliyeongoza brigedi ya kusini ya Force Publique katika vita vya 1916, wakati majeshi ya Kongo yaliposonga mbele na kufika mpaka Tabora. Olsen naye alizaliwa Denmark. Vita vilipokwisha akawa mkubwa wa jeshi lote la koloni.

Hapa kwetu maji na reli vilishikana mkono. Kampuni ya CFL iliundwa 1902 ili kuunganisha Lualaba na maziwa makubwa. Reli ya Kabalo mpaka Albertville, Kalemie ya leo, ilimalizika 1915, na ile ya kutoka Elisabethville ikafika Bukama 1918. Kati ya Bukama, Kabalo na Kongolo watu na mizigo walipanda bato. Watoto na wajukuu wa miji ile ya maji walikuja baadaye kufuata kazi ya shaba, njo maana habari ya kapiteni inaweza kuwa ndani ya lopango moja la Kolwezi, mbali kabisa na mto wenyewe.

Kuna hila nyingine katika neno la inchi. Watu wa kisiwa cha Rhodes waliofanya biashara ya samaki na vitambaa Katanga, wengi huitwa Wagiriki mpaka leo. Lakini Rhodes ilikuwa chini ya Italia tangu 1912 mpaka 1947. Aliyetoka kule miaka ya 1920 ao 1930 alisafiri na karatasi za Italia. Mjukuu akitafuta Mgiriki, daftari linasema Mtaliano.

Sasa, mtu aanzie wapi? Jina la ukoo, hata likiwa limeharibika mdomoni, lina alama. Jina linaloishia kwa -sen, kama Hansen ao Jensen, mara nyingi ni la Denmark ao Norwe. Likiishia kwa -sson, kama Andersson, ni la Uswidi. Yale ya -ssens, kama Janssens, njo ya Ubelgiji upande wa Wafulama. Herufi moja ya mwisho inaweza kuhamisha nkambo kutoka inchi moja mpaka nyingine, na karani wa zamani hakuwa na shida kuiongeza ao kuiondoa.

Alama ya pili ni daftari la ubatizo la parokia. Wapadri Weupe walikuwa Mpala na Moba, Waspiritani walikuwa Kongolo, na walibatiza watoto hao. Sehemu ya baba inaweza kuwa tupu, ao imeandikwa kwamba hajulikani. Hata hivyo tarehe, fasi na jina la mama vinasaidia kujua ni mabato gani yalikuwa yanapita pale mwaka ule.

Kisha Brussels. Arshivu za Afrika, zilizokuwa zamani katika wizara ya mambo ya inje, zimepelekwa katika Arshivu za Taifa za Ubelgiji. Mle mna madaftari ya watumishi wa serikali ya koloni: jina, siku na fasi ya kuzaliwa, kazi. Ile fasi ya kuzaliwa njo dhahabu yenyewe, kwa sababu vitabu vya kanisa vya Denmark, Norwe na Uswidi vimewekwa kwenye intaneti na kuvisoma ni bure. Bila fasi na siku, kutafuta Jensen kule ni sawa na kuuliza Ilunga sokoni Kolwezi. Angalisho moja: mtu wa CFL hakuwa mtumishi wa serikali, bali wa kampuni, na jina lake linaweza kukosa katika madaftari yale.

Kipimo cha ADN, kile cha mate, kinasaidia kwa kipimo chake. Baba wa babu ameacha karibu 12,5% tu ya damu ndani ya mjukuu wake. Kipimo kinaweza kuonyesha upande wa kaskazini ya Ulaya, lakini hakisemi jina, isipokuwa kama ndugu wa kule naye amejipima na majina yakakutana. Kinagharimu pesa mingi pia, kwa hiyo kianze kutafutwa baada ya parokia, si mbele yake.

Kwa watoto wa nyakati za mwisho za koloni, jambo hili si la udadisi. Serikali ya koloni iliwatoa metisi wengi mikononi mwa mama zao, ikawapeleka katika misioni, na wengine wakabadilishwa majina. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi kwa jina la Ubelgiji, na Arshivu za Taifa zikapewa kazi ya kukusanya nyaraka za metisi. Tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufani ya Brussels iliamua kwamba kuwanyang'anya watoto hao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walioshitaki walikuwa mama watano waliopelekwa misioni ya Katende, Kasai, kila mmoja kabla ya kutimiza miaka 7. Kila mmoja alipewa euro 50 000. Kupata jina la nkambo si kupata paspoti, sheria ya uraia inauliza mambo mengine. Lakini metisi ana haki ya kuomba kuona faili lake mwenyewe.

Kitu kimoja hakipatikani Brussels wala Copenhagen: jina la bibi, kijiji chake, na kama alimfuata kapiteni kwa kupenda ao kwa kutolewa na chifu. Daftari la mtumishi linahesabu miaka yake ya kazi na halimtaji huyo mwanamke hata kidogo. Habari hiyo wanayo wazee wa Bukama, Kabalo na Kongolo, na wengi wao sasa wamepita miaka 80.