Atibiwe papa hapa Eldoret au apelekwe mbali?

Hebu fikiri, msomaji, kwamba kikao cha jamaa kimeitishwa nyumbani kwako, iwe Langas, Huruma au Kapsoya. Mumeo, au huyo kifungua mimba wenu, amekunywa hadi kazi ikamponyoka. Harambee imefanywa na pesa za matibabu zimepatikana. Mjomba anasema apelekwe Nairobi, au hata Pwani, mahali asipojua njia ya kurudi. Mama naye anasema mtoto hatupwi. Atibiwe hapa mjini ili watu wake wamwone. Kila mmoja ana hoja, na aghalabu anayeshinda ni yule aliyechanga zaidi.

Kabla hamjaanza kuhesabu kilomita, kuna jambo lisilongoja kikao. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi hafai kukatizwa pombe ghafla bila uangalizi. Saa chache tu baada ya tone la mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka na usingizi humhama. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupatwa na kifafa. Siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa kabisa, wakaona wadudu ukutani na kujibizana na watu wasiokuwepo. Hali hii huua. Basi kumfungia chumbani ili "imtoke", au kumpakia kwenye matatu alfajiri kwa safari ya kilomita zaidi ya 300 hadi Nairobi akiwa anatetemeka, ni kucheza na roho yake.

Siku hizo za mwanzo ni za hospitali iliyo karibu, yenye dawa za kumtuliza na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa nayo. Kwa hilo mkazi wa Eldoret hana haja ya kwenda mbali. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina madaktari wa magonjwa ya akili, na ina kitengo chake cha kutibu waliotawaliwa na pombe na dawa za kulevya. Mwili ukishatulia, ndipo mjadala wa karibu na mbali unapoanza.

Wanaopendelea mbali hawasemi upuuzi. Wakati wa vita vya Vietnam, karibu mwanajeshi mmoja kati ya watano wa Marekani alikuwa ametawaliwa na heroini akiwa huko. Serikali yao ilitarajia balaa. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorejea nyumbani mwaka wa 1971, na akapata kwamba katika mwaka wa kwanza ni kama 5 tu kati ya kila 100 wa hao waliotawaliwa walioirudia hali ile. Mahali palibadilika, na watu wakabadilika.

Lakini tazama vizuri. Wanajeshi wale waliondoka penye heroini wakaenda kuishi kwingine. Mgonjwa wenu hufanyiwa kinyume chake. Huondolewa penye chang'aa, akakaa siku 90 pasipo na chang'aa, kisha akarudishwa pale pale, kwa marafiki wale wale, njia ya kwenda nyumbani ikipita mlangoni kwa mama pima yule yule. Kule mbali hakuwa na wa kumwita "kuja kidogo tu". Basi alijifunza kuishi mahali asipoishi. Nionavyo mimi, hapa ndipo pesa nyingi za harambee hupotelea, wala si kwa sababu kituo kilikuwa kibaya.

Hapa Eldoret pamefanywa uchunguzi unaostahili kujulikana zaidi. Rebecca Papas na wenzake waliwashughulikia watu 614 wenye virusi vya Ukimwi waliokuwa wakinywa pombe, ambao walikuwa wakitibiwa katika kliniki za mpango wa AMPATH. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021. Hakuna aliyefungiwa popote. Watu walitoka makwao na kukutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki sita, wakiongozwa na wahudumu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Walifundishwa kutambua kinachowavuta kwenye pombe na namna ya kumkatalia anayewanunulia. Waliopata mafunzo hayo walipunguza kunywa kuliko wenzao waliofundishwa tu kuhusu afya bora. Faida yake iko wazi: unayojifunza asubuhi unayajaribu jioni ile ile kwenye mtaa wako, na yakikushinda unarudi wiki ijayo kuuliza.

Je, kuna anayefaa kwenda mbali? Wapo. Yule ambaye nyumba yake ndiyo mangweni, kwa kuwa mkewe au mamaye anaishi kwa kupika busaa, hawezi kupona akilala kando ya mapipa. Yuko kijana ambaye kundi lake humfuata hadi wodini. Na wako wanawake ambao aibu imewafunga midomo, kwa maana mwanamume mlevi huchekwa, lakini mwanamke mlevi hutengwa. Huyo akiona afadhali atibiwe asipojulikana, mwacheni aende. Ila muulize ni nani atakaa na watoto, sababu akina mama wengi huacha matibabu nusu kwa ajili ya hilo.

Kwa anayetumia heroini pana tahadhari zaidi. Akikaa wiki chache bila kuitumia, mwili wake husahau kuistahimili. Siku akitoka na kujidunga kiasi kile cha zamani, anaweza kukata roho papo hapo. Na kama daktari ataona anafaa kupewa methadoni, ambayo ilianza kutolewa Mathari, Nairobi, mwaka wa 2014, dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Basi kliniki ya mbali haimfai asiye na mahali pa kulala karibu nayo.

Iwe karibu au mbali, usilipe kabla ya kuuliza. Kituo kimeidhinishwa na NACADA? Nambari 1192 ya mamlaka hiyo hupigwa bure. Ni daktari gani huja, na huja lini? SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, italipa nini? Jamaa wataruhusiwa kumtembelea na kushauriwa pamoja naye? Kituo kinachowakataza kumwona kabisa kwa miezi mitatu, au kinachotuma vijana wa miraba minne kumnyakua usiku, kiepukeni hata kama kina bustani nzuri.

Kisha zigaweni pesa mlizochanga. Msizimalizie zote kwa siku 90. Wekeni za nauli na ada ya mshauri kwa muda wa mwaka mzima baadaye. Kabla hajaondoka, andikeni nani atampokea stendi siku ya kurudi, na atalala wapi ikiwa chumba chake cha zamani kinapakana na baa. Semezaneni pia kuhusu mshahara wa kwanza. Wengi huanguka siku hiyo, hivyo baadhi ya wagonjwa wenyewe huomba dada au mke awashikie simu yenye M-Pesa hadi jioni ipite.

Naye akiteleza akanywa, msiitishe kikao kingine cha kumtafutia kituo kilicho mbali zaidi. Mpelekeni kwa mshauri wake kesho yake asubuhi, akiwa bado anaona haya na kabla hajaanza chupa ya pili.