Picha ya mshipa wa jicho yaweza kuokoa uoni kabla glakoma haijaujeruhi

MTU anaweza kuishi na glakoma kwa miaka mingi bila kusikia maumivu yoyote, wala kutambua kwamba uwezo wake wa kuona unapungua siku hadi siku.

Ugonjwa huo, ambao wengi huuita presha ya macho, katika aina yake iliyoenea zaidi huanza kwa kula uoni wa pembeni. Mgonjwa anapobaini kuwa kuna kasoro, sehemu kubwa ya mshipa wa fahamu wa jicho huwa imekwisha kufa.

Tofauti na mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akaona tena, kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Dawa za matone, leza na upasuaji hulinda kile tu kilichosalia.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa wagonjwa wa glakoma duniani wangefikia milioni 76 mwaka 2020 na milioni 111.8 ifikapo mwaka 2040. Nchini Tanzania, utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulibaini ugonjwa huo kwa asilimia 4.16 ya watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Kwa muda mrefu wengi wameamini kuwa kupima presha ya jicho kunatosha. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao presha yao iko katika kiwango cha kawaida na bado mshipa wao unaharibika. Wapo pia wenye presha ya juu ambao mshipa wao ni mzima.

Kwa sababu hiyo, daktari hulazimika kuutazama mshipa wenyewe. Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni moja zinazotoka kila upande wa retina, zikakutana nyuma ya jicho katika duara lenye upana wa takriban milimita moja na nusu, kisha zikaelekea kwenye ubongo.

Katikati ya duara hilo kuna kishimo. Nyuzi zinapokufa, ukingo unaokizunguka hukonda na kishimo hupanuka. Daktari hulinganisha upana wa kishimo na upana wa duara zima. Kishimo kinapokaribia kulijaza duara, au cha jicho moja kinapokuwa kikubwa kuliko cha jicho la pili kwa kiasi cha kuonekana wazi, shaka huwa kubwa.

Umuhimu wa kuliona badiliko hilo mapema ulidhihirika mwaka 1982, pale Harry Quigley na wenzake nchini Marekani walipoonyesha kuwa hadi asilimia 40 ya nyuzi zaweza kupotea kabla ya kipimo cha upeo wa kuona cha wakati huo kugundua dosari.

Awali, madaktari walichungulia ndani ya jicho kwa chombo alichokibuni Mjerumani Hermann von Helmholtz katikati ya karne ya 19, kisha wakachora kwa mkono walichokiona. Baadaye zilikuja kamera, zikiwamo zinazopiga picha mbili kwa pembe tofauti ili kina cha kishimo kionekane. Lakini picha ileile ikisomwa na wataalamu wawili, majibu yangeweza kutofautiana.

Mwaka 1991, watafiti wa Marekani walitangaza teknolojia ya OCT, inayotumia mwanga kupima unene wa tabaka la nyuzi kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele. Watatu kati ya wabunifu wake, James Fujimoto, David Huang na Eric Swanson, walitunukiwa tuzo ya Lasker mwaka 2023.

Pamoja na ubora huo, mashine nayo yaweza kupotosha. Hulinganisha jicho la mgonjwa na kumbukumbu za macho mazima, kisha hutia rangi nyekundu panapoonekana pembamba. Mtu mwenye tatizo kubwa la kutoona mbali anaweza kupata wekundu huo ilhali hana glakoma. Vilevile, aliyezaliwa na duara pana huwa na kishimo kipana bila ugonjwa wowote.

Kikwazo kingine ni gharama. Mashine hizo ni ghali na hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini.

Jawabu moja lilijaribiwa Nakuru, nchini Kenya, ambako kifaa kidogo kilipachikwa kwenye simu ya mkononi ili kupiga picha ya mshipa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, yakihusisha watu 1,460, yalionyesha kuwa vipimo vya kishimo kutokana na picha za simu vilikaribiana sana na vya kamera ya kawaida ya hospitali. Aidha, mpigapicha asiye na uzoefu wowote wa kazi za afya alipata picha zenye ubora sawa na za mtaalamu.

Nchini China, watafiti walieleza mwaka 2018 jinsi programu ya kompyuta iliyotumia picha zaidi ya 48,000 ilivyotambua asilimia 95.6 ya macho yenye dalili za ugonjwa huo. Hata hivyo, vishimo vipana vya kuzaliwa viliihadaa programu hiyo pia, jambo linaloonyesha kuwa daktari bado anahitajika.

Picha moja haitoshi kuhukumu. Husomwa pamoja na kipimo cha presha na cha upeo wa kuona, na thamani yake huongezeka inapolinganishwa na picha ya miaka iliyofuata, kwani ukingo unaozidi kukonda ni ushahidi mzito.

Kwa aliyetimiza miaka 40, na hasa mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua glakoma, kupimwa miwani pekee hakutoshi. Ni vyema amwombe daktari autazame mshipa wa jicho, na picha ikipigwa, aitunze kwa ajili ya kulinganishwa siku za usoni.