Gogo Ndani ya Tangi la Kioo

Tangi dogo la samaki lenye mimea hai na gogo la mti huendeshwa na kemia ileile inayoendesha Ziwa Victoria, ila kwa kipimo kidogo mno. Ziwa lina maji mengi ya kuzimua uchafu. Tangi la lita 50 halina. Uchafu wa kijiko kimoja unaweza kuua samaki wote waliomo. Ndiyo maana katika ukanda wa Shinyanga na Geita, wenye migodi, visima vya maji magumu na madimbwi yenye konokono wa kichocho, kila kinachoingia tangini hakina budi kijulikane kilikotoka.

Chombo chenyewe ni kazi ya fundi vioo yeyote. Vioo vya milimita 6 huunganishwa kwa silikoni ya kawaida, ile inayonuka siki inapokauka, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki. Tangi la sentimita 60 kwa 30, lenye kimo cha 35, likishajazwa maji na mchanga hufikia kilo 75 hivi. Meza yake iwe imara na iwe mbali na dirisha linalopigwa na jua, maana jua la moja kwa moja hupasha maji na kuyageuza kijani kwa mwani.

Kuhusu maji, wakazi wa Shinyanga na Kahama wana bahati. Tangu 2009 miji hiyo hupata maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa na kusafishwa Ihelele, wilayani Misungwi. Maji ya ziwa hilo ni laini, yana chumvichumvi kidogo, na hufaa mimea na samaki wengi. Klorini iliyotiwa kuua vijidudu hutoka yenyewe maji yakikaa kwenye ndoo pana kwa siku moja au mbili. Maji ya visima ni habari nyingine: sehemu nyingi za Shinyanga yana floraidi na chumvi nyingi, na mengine yana pH ya juu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni mbadala mzuri, hasa yakichanganywa na ya bomba.

Mchanga unaofaa ni wa aina ambayo Wasukuma huiita luseni, udongo mwepesi wa miteremko uliotokana na kumomonyoka kwa miamba ya matale. Huoshwa hadi maji yatoke meupe, kisha hutandazwa kwa unene wa sentimita 5 hivi. Udongo mweusi wa mbuga haufai. Huchafua maji kwa wiki nyingi na mara nyingi una vijiwe vya chokaa. Tone la siki au ndimu hutosha kuupima mchanga: ukitoa povu, una chokaa, nayo itapandisha pH.

Gogo ndilo lenye mambo mengi. Mti mkavu huelea kwa sababu ya hewa iliyofungwa ndani ya vinyweleo vyake. Kuta zenyewe za seli, kwa karibu kila aina ya mti, zina uzito wa gramu 1.5 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, yaani ni nzito kuliko maji. Mpingo huzama tangu siku ya kwanza kwa kuwa hewa yake ni chache. Mpera mkavu huchukua wiki kadhaa. Hakuna mti unaokataa kuzama daima: maji yakishaifukuza hewa, gogo hutulia chini. Kulichemsha saa moja au mbili huharakisha kazi hiyo na kuua wadudu na mayai yao.

Maji ya kuchemshia hugeuka rangi ya chai, na kwa sababu ileile, maana chai na gogo vyote hutoa tanini. Tanini hushusha pH kidogo na kudhoofisha baadhi ya bakteria, na samaki wa vinamasi huishi humo bila shida. Asiyependa rangi hiyo hubadilisha maji ya kulowekea kila baada ya siku chache hadi ipauke. Ndoo ya kulowekea ifunikwe, kwani Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi na mbu hutaga popote penye maji yaliyotuama. Utando mweupe unaotokea juu ya gogo jipya ni kuvu na bakteria wanaokula sukari ya mti. Hauna madhara, na hutoweka baada ya wiki chache.

Mti uwe umekufa zamani na kukauka hadi ndani. Mzizi wa mpera ni chaguo salama. Mgunga pia hufaa ukiwa mkavu kabisa na bila ganda, ingawa tanini yake ni nyingi kiasi kwamba maganda yake yametumika kulainishia ngozi. Hakuna haja ya kukata mti ulio hai, tena katika mkoa ambao tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uanze mwaka 1986 umefanya kazi kubwa kuirudisha miti kupitia ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa. Miti miwili iepukwe kabisa. Mnyaa, unaozungushiwa maboma mengi ya Usukuma, una utomvu wenye sumu ambao sehemu mbalimbali za Afrika umetumiwa kulewesha samaki mitoni. Mwarobaini nao una kemikali zinazodhuru viumbe vya majini.

Lipo katazo zito zaidi kwa wakazi wa Geita na Kahama. Gogo lililosuguliwa na maji ya kijito huvutia macho, lakini vijito vingi vya huko hupita kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, na sehemu yake hubaki kwenye tope. Marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji huo, nayo huchenjuliwa tena kwa sianidi. Tope hilo hujificha ndani ya nyufa za gogo. Bakteria wasiohitaji hewa huweza kuigeuza zebaki kuwa zebaki methili, inayojilimbikiza mwilini mwa samaki. Mbaya zaidi, kulichemsha gogo la namna hiyo jikoni kunaweza kutoa mvuke wa zebaki, na watoto ndio wa kwanza kuuvuta. Gogo wala mchanga wa karibu na mwalo havipaswi kuingia nyumbani.

Mimea rahisi hupatikana ziwani na kwenye malambo: valisneria yenye majani kama utepe, seratofilamu inayoelea bila mizizi, na mayungiyungi machanga. Hatari yake ni konokono, ambao baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho. Mimea ioshwe kwa mikono yenye glavu, konokono na mayai yao waondolewe wote, kisha ikae kwenye ndoo ya pembeni angalau siku mbili. Viluwiluwi vya kichocho vinavyoelea majini havidumu zaidi ya muda huo bila kumpata binadamu.

Samaki husubiri. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati, chakula cha mimea. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuota kwenye mchanga, gogo na sponji ya kichujio, huku chembe chache za chakula zikitiwa kila siku. Ukali wa amonia hutegemea pH: kwa joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ndiyo sumu kali kwenye pH 7, lakini kwenye pH 9 hupita theluthi moja. Hapo ndipo maji ya kisima yanapowaponza wengi.

Oksijeni nayo ni haba. Maji ya nyuzi 30 hushika miligramu 7.5 hivi kwa lita usawa wa bahari, na Shinyanga, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu yake, hupungukiwa na asilimia 12 hivi. Usiku mimea nayo huvuta oksijeni. Samaki wachache, basi, na pampu ndogo ya hewa. Umeme ukikatika, uchache huo ndio unaowaokoa.

Anayefaa sana ni furu mdogo wa vinamasi, Pseudocrenilabrus multicolor victoriae, asiyezidi sana sentimita 8. Huishi kwenye mafunjo yenye oksijeni kidogo, na jike hulea mayai mdomoni. Dume mmoja na majike watatu wanatosha. Matangi yamekwisha kuwa hifadhi ya ndugu zake: sangara alipotapakaa ziwani miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka, na baadhi zimeendelea kuzaliana kwenye matangi ya Ulaya na Marekani.

Kila wiki robo ya maji hubadilishwa, na yanayotolewa hurutubisha bustani. Mimea iliyopunguzwa huanikwa juani hadi ikauke, kisha huingia kwenye mboji. Haitupwi mtaroni, kwa kuwa magugu maji, yaliyoonekana Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, yalitoka Amerika Kusini na kuenea duniani kama maua ya mapambo.