Kutafuta Mazalia ya Ndege wa Baharini Jangwani: Petreli-dhoruba wa Atacama

Mtafiti wa viota vya ndege wa baharini kwa kawaida huelekea visiwani au kwenye majabali ya pwani. Makala haya yanafafanua kwa nini mazoea hayo hayakutosha kwa petreli-dhoruba wa Amerika Kusini, na jinsi mazalia yao yanavyotafutwa.

Petreli-dhoruba ni ndege wadogo wanaoishi baharini na kurejea nchi kavu kwa ajili ya kuzaliana tu. Spishi ya Hydrobates hornbyi ilielezwa kisayansi mwaka 1854. Hata hivyo, koloni lake la kwanza liligunduliwa mwaka 2017 nchini Chile, katika Pampa del Indio Muerto, eneo la Jangwa la Atacama lililo makumi ya kilomita kutoka baharini. Huko jike hutaga yai moja ndani ya tundu lililo chini ya gamba gumu la chumvi. Jamaa yake, Hydrobates markhami, huzaliana katika mazingira kama hayo nchini Peru na Chile.

Ugumu wa utafutaji una sababu mbili: wazazi huingia na kutoka usiku, na tundu lenye kiota hufanana na maelfu ya matundu matupu. Kwa hiyo jicho pekee halitoshi. Mtafiti hunusa, kwa kuwa tundu linalotumika hutoa harufu nzito ya mafuta ya ndege hao. Usiku husikiliza miito. Pengine hucheza sauti iliyorekodiwa mbele ya tundu na kungoja jibu. Manyoya, kinyesi na mizoga ya makinda huongeza ushahidi, na kamera nyembamba huonyesha kilichomo ndani.

Umuhimu wa kazi hii unavuka mipaka ya elimu ya ndege. Migodi, barabara na nyaya za umeme hupita katika jangwa hilo, na mwanga wa miji na migodi huwapoteza makinda wanaporuka kwa mara ya kwanza kuelekea baharini. Tathmini ya athari kwa mazingira inayofanywa mchana, au nje ya msimu wa kuzaliana, inaweza kuandika kwa nia njema kabisa kwamba ndege hawapo, na koloni likaharibiwa kabla halijajulikana.

Hivyo basi, kutoonekana kwa ndege kusichukuliwe kuwa kutokuwapo kwao, mpaka eneo lichunguzwe kwa pua na sikio, usiku na kwa msimu wake.