Je, Wajua? Kapasita Iliyokufa Huweza Kuonekana Nzima

Mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ya Wajerumani, ulanga ulichimbwa katika milima ya Uluguru, Morogoro. Jiwe hili hubanduka tabaka kwa tabaka, halipitishi umeme na huvumilia joto, ndiyo maana likapendwa sana katika kapasita za redio za zamani.

Kapasita nyingi za leo ni za kauri. Laptopu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine au Mzumbe ikizima ghafla na kugoma kuwaka, kauri hiyo ni miongoni mwa washukiwa wa kwanza. Kwenye mazabodi zimo kwa mamia, rangi ya kahawia, ncha zake zikimetameta kwa bati. Nyingine zina urefu wa milimita 1 tu na upana wa nusu milimita. Ndani ya punje hiyo, tabaka za kauri na za nikeli zimepangwa kwa kupokezana. Laptopu ikianguka, au bodi ikipindwa wakati wa kufunga skrubu, kauri hupata ufa. Tabaka zisizotakiwa kugusana hugusana, umeme unakimbilia upande wa hasi, na mashine haiwaki.

Ufa huo mara nyingi hauonekani hata kwa lenzi. Rezista kubwa huandikwa namba, kwa mfano 103, yaani omu 10,000. Lakini kapasita ya kauri haiandikwi chochote. Tena, kapasita nyingi hushiriki njia moja ya umeme, kwa hiyo moja ikipiga shoti, mita italia kwenye zote. Anayeng'oa ile ya kwanza iliyolia anabahatisha.

Fundi makini huanza kwa kuchomoa chaja na betri. Anaweka waya mweusi wa mita kwenye tundu la skrubu lililounganishwa na hasi, kisha anapima koili za njia za umeme, moja baada ya nyingine, kwa mwekundu. Njia kuu ya volti 19 ikisoma karibu na sifuri, hapo pana shoti. Lakini koili za prosesa zinaweza kusoma chini ya omu 1 na zikawa nzima kabisa. Prosesa ngapi zimehukumiwa kufa kwa sababu tu mita ililia!

Njia yenye shoti ikijulikana, fundi huiingizia umeme mdogo kutoka pawasaplai ya mezani, kuanzia volti 1, huku ampea zimewekewa kikomo. Asikimbilie volti 19: transista ya juu ya njia ya prosesa ikiwa imetoboka, umeme huo utapita moja kwa moja hadi kwenye prosesa na kuiua. Kabla ya kuwasha pawasaplai, bodi hupakwa spiriti kidogo kwa brashi, mbali na moto. Kifaa kibovu hupata joto, na spiriti hukauka juu yake kabla ya kwingine. Kamera ya joto hufanya kazi hiyohiyo upesi zaidi, ila bei yake si ya kila meza.

Mshukiwa hung'olewa kwa bloo ya hewa moto, kisha njia inapimwa tena. Shoti ikitoweka, ndiye. Mbadala unapaswa kuwa na ukubwa uleule na uwezo uleule, na usiwe wa volti pungufu. Bodi chakavu ya aina ileile ndiyo ghala bora.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa mazabodi yako imekufa, muulize fundi kwa heshima: ni njia ipi yenye shoti, na ni kifaa gani kilichopata joto? Kama hakuna kilichopimwa, usinunue bodi mpya bado.